Miguu Iliyochelewa Mtumbwini

Kwetu Nyakatuntu unaweza kumsema mtu ng'ombe wake, paa lake, hata kahawa yake kwamba ameianika chini kwenye vumbi, na mkaishia kucheka. Miguu yangu ilikuwa haisemwi. Palipokuwa na harusi, kipaimara au jubilei ya padri, mimi ndiye niliyeitwa kukamua ndizi, na nilienda nikiwa nimevaa shati la kupiga pasi ili watu waone kwamba fundi amefika. Najisifu, ndiyo. Sisi watu wa Kagera tunasemwa hivyo nchi nzima, kwa hiyo sioni sababu ya kujificha.

Kwa asiyeijua kazi hii, ni hivi. Ndizi za pombe zikishavundikwa zikaiva, zinamenywa na kumwagwa kwenye mtumbwi. Usifikirie ziwa. Mtumbwi wetu ni gogo lililochimbwa, linakaa uani chini ya migomba, nami nilirithishwa na baba. Unachanganya ndizi na majani makavu, mwanamume ananawa miguu mpaka magotini, anaingia na kuanza kukanyaga. Walio nje wanaimba na kupiga makofi, na hatua zinafuata makofi. Mwanzoni hapatoki kitu. Unakanyaga rojo linalong'ang'ania vidoleni, zito kama ugali uliozidi unga. Halafu, ukikanyaga sawasawa bila kukata mwendo, ndizi zinakata: rojo linaachia, na juisi inapanda kati ya vidole, baridi na nyepesi. Ukichelewesha hatua hapa, ukaharakisha pale, ndizi zinajifunga na kuwa matope.

Juisi hiyo ikinywewa siku ileile ni tamu tupu, na hata shemeji yangu wa Kituntu, Mlutheri asiye na mchezo, anaifuta kwenye masharubu na kuomba nyingine. Ukiichanganya na mtama uliokaangwa na kusagwa, ukailaza, inakuwa rubisi, na hapo ndipo shemeji anapoaga na sisi Wakatoliki tunapovuta viti.

Katika ukoo wetu kuna desturi moja juu ya juisi hiyo. Binti akiolewa, anaondoka nyumbani na kibuyu cha juisi iliyokamuliwa kwa miguu ya baba yake mwenyewe, na wakwe zake wanainywa kabla hajakaribishwa kuketi. Baba akishindwa, ndugu yake anamkamulia, na hakuna anayekatazwa kuolewa kwa ajili hiyo. Ila watu watasema mpaka binti awe bibi kwamba aliondoka na kibuyu cha baba mdogo. Baba yangu aliwakamulia dada zangu wote. Mimi Mungu alinipa wavulana mfululizo, nikaanza kuutazama ule mtumbwi kwa huzuni, mpaka akaja kitinda mimba, msichana. Nilikuwa na nafasi moja tu maishani ya kujaza kibuyu hicho, na nilikuwa nikiingojea tangu akiwa anatambaa.

Mchumba akatokea, kijana mzuri wa kule Ndama, mwenye adabu na mwenye shamba. Na mimi wakati huohuo nikapatwa na jambo nisilolielewa.

Lilianza kwenye mnada wa kahawa. Nimesimama na wenzangu, tunabishana kama kawaida, ghafla moyo ukaanza kwenda mbio, pumzi ikawa fupi, vidole vikafa ganzi, nikaona kabisa kwamba nakufa pale juu ya magunia ya watu. Nilianguka, na wanasema mikono ilitikisika. Mke wangu akasema malaria. Tulipima, hakuna malaria. Ikarudi kanisani wakati wa sadaka, ikarudi sokoni. Nikaanza kukwepa watu, mimi ambaye nilikuwa napita njia ndefu ili nisalimiane na wengi.

Daktari wa hospitali, kijana wa umri wa mwanangu wa pili, alinisikiliza moyo, akanipima hiki na kile, kisha akaniambia kwa upole, "Mzee, moyo wako ni mzima. Hii ni hofu."

"Hofu ya nini?" nilimuuliza. Nilikuwa nimekasirika. "Unanijua mimi?"

"Haihitaji sababu, mzee wangu. Inakuja tu, kama kikohozi."

Alinipa vidonge vya kutuliza wasiwasi, vya kutumia kwa muda, akaniwekea masharti: nisiviongeze, nisiviache ghafla kwa kichwa changu, nisiendeshe pikipiki, na pombe nisiiguse hata kwa ulimi. Hilo la mwisho alilirudia akimtazama mke wangu. Na kwa kuwa nilianguka na kutikisika, aliniombea nafasi Mwanza nikapimwe ubongo, wasije wakaita hofu kitu ambacho ni kifafa.

Kidonge kile kilinisaidia, na nitakuwa mwongo nikisema vingine. Jumapili ile nilikaa kanisani benchi la mbele. Sadaka ilipita, nikatoa, nikageuka kuwatazama watu nyuma, wote, na moyo ukatulia kifuani. Nilicheka peke yangu mpaka mke wangu akanifinya. Nilirudi mnadani nikabishana na kila mtu. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyerudishiwa nyumba yake.

Ndipo shemeji wa Kituntu akaniita nikakamue kwenye kipaimara cha mwanawe. Nilinawa miguu nikijua hakuna mwingine. Wakaanza kuimba wimbo wetu wa siku zote, wa haraka, wenye makofi ya kufukuzana. Nikakanyaga. Nikakanyaga tena. Rojo likashika vidole na kubaki hivyohivyo. Jasho lilinitoka, waimbaji wakabadilishana, na ndani ya mtumbwi mkawa na kitu ambacho ungeweza kukipaka ukutani.

Sasa, mahali pengine popote duniani wangemtazama mkamuaji. Kwetu hakuna aliyethubutu. Shemeji alisema ndizi hazikuiva, zikatolewa nyingine kwenye shimo la kuvundikia. Mzee mmoja alionja, akasema wazi kwamba kuna mtu amechanganya ndizi za kupika, na kesi ikafunguliwa palepale juu ya nani aliyezikata. Mama mkwe wangu akasema majani yamekatwa yakiwa na umande. Vijana wakatumwa kuleta majani mengine. Wakayabadilisha tena. Mwisho lawama zikauangukia mtumbwi wenyewe wa shemeji, kwamba fundi aliyeuchonga alikuwa ametokea Bukoba. Nami nilikuwa katikati ya hayo yote nikilaumu kwa sauti kubwa kuliko wote, hasa majani.

Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa akitazama chini. Tukirudi nyumbani binti yangu alinisogelea njiani.

"Taata," alisema, "ndizi hazina kosa. Makofi yanapigwa, mguu wako unashuka baadaye. Kidogo tu. Lakini kila hatua."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia kwamba nimekanyaga ndizi kabla mama yake hajajua kusuka nywele. Akatangulia mbele. Lakini asubuhi, peke yangu uani, nilipiga makofi na kujaribu kuinua mguu, nikaona ni kweli. Nilikuwa naitaka hatua, na hatua inakuja, ila inafika kama mgeni aliyesikia hodi yake mwenyewe ndipo akakumbuka kuingia.

Siku ya Mwanza ikafika, na binti ndiye aliyenisindikiza. Mtaalamu wa kipimo alikuwa dada mmoja mwenye Kiswahili cha pwani, kitamu mpaka nikaona aibu kufungua mdomo. Alinipaka gundi baridi kichwani, akanibandika vijisahani vya chuma vyenye nyaya, vingi, nikajiona kwenye kioo cha dirisha nikifanana na muhogo uliong'olewa na mizizi yake. Binti alicheka mpaka akatoka nje.

Nililala, nikafumba macho, nikafumbua, nikapumua haraka kama nilivyoagizwa. Kwenye kompyuta mistari ilikuwa ikitembea. Dada yule alitazama kidogo akasema, "Mzee unatumia kidonge cha kutuliza, nilivyoelezwa. Basi kinaonekana." Akanionyesha kwa kalamu vijiwimbi vidogo vya haraka vilivyojaa kwenye mistari, vimesongamana. Alisema kidonge cha aina ile huviongeza kwa watu wengi, wala si ugonjwa.

Hapo nikamweleza habari ya ndizi. Nilimweleza yote, makofi, rojo, mzee aliyeonja. Alisikiliza akitabasamu, kisha akaniomba nitikise vidole vya mguu, nisubiri, nitikise tena.

"Hapa utosini," alisema akigusa kijisahani cha katikati ya kichwa, "ndipo penye eneo la miguu. Mtu akiwa ametulia, eneo hili lina mvumo wake, vijiwimbi vya haraka kidogo. Anapojiandaa kusogeza mguu, mvumo unapungua. Akimaliza, unarudi. Sasa kwa anayekunywa dawa kama yako, mvumo huwa mkubwa zaidi."

"Kwa hiyo unanishika mguu," nilisema. "Ni breki."

"Breki umesema wewe, baba. Mimi sijasema. Bado unapungua ukisogea, na mguu unakwenda, si umeona? Wanaojifunza mambo haya wenyewe hawajamaliza kujua mvumo huo unafanya kazi gani hasa. Ila dawa hii humfanya mtu awe mzito kidogo, hilo linajulikana, na wewe kazi yako ni ya kwenda sambamba na makofi. Lazima uhisi."

Nilimwambia nimeona kwa macho yangu mistari ikinywea nilipotikisa vidole. Akasema haiwezekani kuonekana kwa macho, inataka mahesabu ya kompyuta. Nikasema nimeona. Akasema haya baba, umeona. Mpaka leo nasema nimeona.

Njia nzima ya kurudi sikunyamaza. Nilifurahi kupita kiasi, na binti alinishangaa, maana sikuwa nimepona chochote. Lakini nilikuwa nimeogopa uzee. Nilidhani miguu imeanza kuniaga, na sasa nilikuwa nimeambiwa kwamba huko juu utosini kuna kikundi kinaimba, na kidonge kimewaongezea sauti, basi. Mtu anaweza kuishi na hilo.

Daktari wetu alipokea majibu: kifafa hakuna. Nikamwomba anipunguzie dawa mara moja, maana sendofu, sherehe ya kumuaga binti, ilikuwa inakaribia. Alikuna kidevu.

"Tutapunguza, mzee, na utaacha kabisa. Lakini inapunguzwa polepole. Tukianza leo, sherehe itakukuta katikati, na hofu inaweza kurudi kwa nguvu siku hiyohiyo. Wageni watakuwa wengi?"

Nilimwambia watakuwa wengi mno. Nimewaalika mwenyewe.

"Basi chagua."

Nilitoka nje nikakaa kwenye ukuta wa hospitali na mke wangu. Mara nyingi huwa najua jibu kabla swali halijaisha. Siku hiyo sikujua. Nikiacha dawa, huenda miguu ikawa sawa na mimi mwenyewe nikaanguka mbele ya wakwe kabla sijamkabidhi mtoto. Nikiendelea, nitasimama nikiwa mzima na kibuyu kitajazwa na mdogo wangu, ambaye anakamua vizuri, simnyimi haki yake, na ambaye atalisimulia jambo hilo mpaka siku ya kiama. Mke wangu alinishika goti. "Mtoto anataka kukuona umesimama," alisema. "Hilo la kibuyu ni lako wewe."

Nilirudi ndani nikamwambia daktari tuendelee hadi sherehe ipite. Lakini mtumbwini nitaingia mwenyewe, hilo sikumwambia mtu.

Asubuhi ya sendofu uani palikuwa pamejaa. Moshi wa jikoni, mashangazi wakigombea sufuria, kahawa ya kutafuna ikizungushwa kwenye kikapu kwa wageni wa kwanza. Ndizi zilikuwa zimemenywa, za manjano safi, hakuna ambaye angezisingizia. Nikanawa miguu. Mdogo wangu alisimama karibu, mikono nyuma, akiwa amevaa kaptura. Mtu aliyekuja kuangalia tu havai kaptura kwenye sendofu.

Nikaingia. Wakaanza wimbo, ule wa haraka. Moyo ulikuwa umetulia, kidonge kilikuwa kinafanya kazi yake, na miguu nayo ilikuwa inafanya yake: pa, halafu mguu. Pa, halafu mguu. Nilijaribu kuanza mapema nikavuruga kabisa. Rojo lilinishika vidole. Nilisikia sauti za makofi zikianza kuwa za watu wanaotazamana. Shemeji wa Kituntu, Mungu ambariki, alisema kwa sauti, "Haya majani siyapendi." Nilipogeuza macho nikamwona mdogo wangu ameinama kwenye ndoo. Ameshanawa mguu mmoja.

Nilipandwa na hasira. Nilimwambia aondoe mguu wake ndani ya ndoo yangu. Akasema, "Kaka, wageni wanakuja." Alisema kwa huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyoniuma. Machozi yalinilenga, mtu mzima, nimesimama kwenye matope ya ndizi.

Ndipo mlango wa nyuma ukafunguliwa akatoka bibi harusi. Bibi harusi kwetu hatoki, siku hiyo anafungiwa ndani kama ndizi za kuvundika. Huyu alitoka na kanga kifuani, kichwa nusu kimesukwa na nusu kimesimama hewani, na msusi nyuma yake ameshika kitana akipiga kelele. Mashangazi waliguna wote kwa pamoja. Aliwapita. Alisimama kwenye kichwa cha mtumbwi, akaitazama miguu yangu, si uso, miguu, kama alivyoitazama kule Kituntu.

Kisha akaanza wimbo uleule upya, peke yake, taratibu sana. Alipiga kofi, akangoja. Mguu wangu ukashuka. Akapiga lingine pale tu mguu mwingine ulipogusa. Hakunifanya niufuate wimbo. Alikuwa anauvuta wimbo nyuma, neno kwa neno, mpaka ukanikuta nilipo.

Mama yake akaelewa wa kwanza. Akaingia, mashangazi wakafuata wakiwa bado wamenuna, halafu wanaume, na wimbo ukawa mzito na mpana, kitu ambacho hatukuwahi kukisikia ndani yake kwa sababu miaka yote tulikuwa tunaukimbiza. Kofi na mguu vikaangukia pamoja. Nikasahau kichwa changu na kikundi chake. Nilikuwa naona tu mikono ya mwanangu ikikutana, na nywele zile zilizosimama zikitikisika, na kidogo kidogo chini ya kisigino nikahisi rojo linalegea.

Zikakata. Juisi ilipanda kati ya vidole, baridi, nikapiga ukelele ambao mke wangu anasema ulisikika Uganda. Watu wakarukaruka. Shemeji alinikumbatia nikiwa ndani ya mtumbwi na suti yake ikaharibika. Mdogo wangu alibaki na mguu mmoja safi, akacheka, akaanza kupiga makofi kuliko wote.

Binti yangu alichota kwa kikombe, akaonja wa kwanza.

"Tamu?" nilimuuliza.

"Taata," alisema, "hii imezidi ya siku zote." Kisha msusi akamshika mkono akamrudisha ndani, na shangazi mkubwa akamfuata akimgombeza.

Mchana ule nilisimama mbele ya wakwe kutoka Ndama na wageni wote niliowaalika kwa kiburi changu, nikatoa hotuba ndefu mno, nikamkabidhi mwanangu na kibuyu chake. Hofu haikuja. Rubisi ilipozungushwa mimi nilipewa juisi, na shemeji wa Kituntu alihamisha kiti chake akakaa pembeni yangu, akaniita ndugu katika Bwana, akanichosha.

Baada ya hapo daktari alinipunguzia dawa polepole kama alivyoahidi, na sasa siitumii kabisa. Hofu ilinipitia mara mbili tatu, nikaitambua, ikaondoka. Na miguu imerudi. Najua, kwa sababu nikiwa peke yangu uani huwa napiga makofi ya haraka, na mguu unashuka palepale.

Lakini nikiitwa kukamua siku hizi, watu wanaanza ule wimbo kwa mwendo wa binti yangu. Wamezoea, na wanasema juisi inatoka vizuri zaidi. Wanadhani bado nauhitaji. Juzi mdogo wangu aliniuliza pembeni kama miguu haijapona tu, maana wajukuu wanataka wimbo uchangamke. Nilimwambia bado, bado kidogo. Kisha nikaingia mtumbwini, wakaanza taratibu, nami nikaichelewesha miguu kwa makusudi, nikimngoja binti yangu anipigie kofi kutoka Ndama.